Pumzi Nilizomkata Mwalimu Mwanaidi

Usiku ule nililala nikijisifu. Somo lenye urefu wa saa tatu la marehemu Mwalimu Mwanaidi, muuguzi mstaafu aliyewafundisha akina mama kulea watoto, nilikuwa nimelibana likabaki saa moja na nusu, tayari kwa mtandao. Kesho yake ilikuwa arobaini yake. Binti yake, Zuhura, alikuwa ameniambia, "Fupisha, kaka Idi. Nani ana muda wa kumsikiliza mama akikohoa?" Basi nikatumia programu inayokata yenyewe kila penye ukimya na sauti ndogo, nikapanga video ipande mtandaoni saa sita usiku, nikavuta shuka. Sikuirudia kuisikiliza. Uvivu wangu tu.

Nikamwona darasani, amejitanda kanga yake ya kijani. Nilifurahi kumwona, kisha furaha ikanitoka. Anafundisha bila kuvuta pumzi. Neno linasukuma neno, midomo inamgeuka rangi, mishipa ya shingo imemsimama, naye hawezi kunyamaza. Mbele yake akina mama wamepakata watoto. Watoto wanalia bila machozi, na midomo yao imekauka.

Mara tuko jikoni kwa mama yangu, mimi na Mwalimu tu. Ananisogezea kikombe.

"Onja."

Naonja. Ni chumvi tupu, inachoma koo.

"Hiki ndicho ulichowapa," anasema. "Nirudishie pumzi zangu, Idi. Sikuwa nimenyamaza."

Nikaamka koo limekauka, nje bado giza. Niliogopa, sioni haya kusema. Nikafungua rekodi nzima, ile ambayo sikuigusa, nikatafuta somo la kumtengenezea maji mtoto anayeharisha. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, anasema Mwalimu, chumvi vijiko sita vya chai, sukari nusu kijiko. Anakohoa. Anakaa kimya. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka, uso ameugeuzia ukutani: "Hapana, nimegeuza. Sukari ndiyo sita. Chumvi nusu. Chumvi ikizidi itamuua mtoto."

Kwenye video yangu sahihisho hilo halikuwepo, wala kile kikohozi.

Nikaenda kuiondoa. Chini yake palikuwa na maoni ya mtu mmoja tu, anayejiita Mama Neema, yaliyoandikwa muda mfupi uliopita: "Asante Mwalimu, Mungu akulaze pema. Mwanangu anaharisha tangu jana. Nimeshachanganya, nasubiri yapoe nimpe."

Nikaandika: "Usimpe. Mwaga. Sukari ndiyo vijiko sita, chumvi nusu. Kama umeshampa, mkimbize hospitali sasa hivi. Kosa ni langu, si la Mwalimu."

Video sikuthubutu kuiondoa, maana ningeiondoa, jibu langu lingeondoka nayo kabla Mama Neema hajalisoma. Nikakaa naitazama. Kulipopambazuka, idadi ya watazamaji ilikuwa inapanda, na Mama Neema alikuwa bado hajajibu.