Barua ya Kufukuzwa

Mwanakhamis alitaka kufukuzwa nyumbani, na hakupata wa kumfukuza. Wenzake hufukuzwa bila kuomba. Yeye aliomba miaka miwili na nusu, kwa adabu, kwa machozi, siku moja hata kwa magoti, na kila mara aliambiwa akakoroge mchuzi.

Nyumba ilikuwa ya wifi yake, Asmahan, huko Newtown, ghorofa ya tatu, vyumba vitatu vya kulala. Kimoja cha Asmahan na mumewe, kimoja cha wanawe wa kiume, na cha tatu cha masufuria, mafriza na magunia ya mchele, maana Asmahan alikuwa akipikia harusi na hitima za Waswahili wa Birmingham nzima. Akipikia ni neno tu. Sambusa alikunja Mwanakhamis, biriani alipika Mwanakhamis, masufuria alisugua Mwanakhamis. Asmahan alivaa dhahabu zake akaenda kupokea sifa. Mwanakhamis na binti yake Salha, mtoto wa miaka kumi, walilala sebuleni juu ya godoro lililotandikwa wageni wakishaondoka na kukunjwa kabla wenye nyumba hawajaamka kunywa chai.

Alifikaje hapo? Mumewe Ameir, kaka yake Asmahan, alimtoa Unguja mwaka 2001, akamweka kwa dada yake "wiki mbili tu," akaenda Leicester kutafuta kazi. Kazi aliipata, na mke mwingine akampata huko huko. Talaka ilikuja kwa simu, na simu aliipokea Asmahan.

"Ameir kakuacha," alimwambia wifi yake. "Vitunguu viko mlangoni, kavimenye."

Karatasi zake za kukaa nchini zilikuwa sawa, kwa hiyo Mwanakhamis akaenda ofisi ya nyumba ya mtaa, kuomba nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji. Alimpata mama mmoja wa Kihindi aitwaye Indu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Indu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. Alizungumza pole pole, na Salha, ambaye kwa mama yake hujibu Kiingereza hata akiulizwa kama ana njaa, siku hiyo alilazimika kufasiri.

"Anasema wifi kakupa pa kulala, kwa hiyo kwao wewe una nyumba," alisema Salha. "Anasema anti aandike barua kwamba hatutaki tena. Aweke na tarehe. Hapo tu ndiyo wataweza kutusaidia."

Kumbe jambo dogo hivyo! Mwanakhamis alirudi anakimbia.

"Barua?" Asmahan alishika kiuno. "Mimi nikuandikie barua ya kukufukuza? Mke wa kaka yangu? Watu watanila nyama! Wanawake wote wa kisomo cha Alhamisi wanajua nimekuhifadhi kwa hisani yangu."

"Si kufukuza kweli, wifi. Ni karatasi tu."

"Na Kiingereza cha barua nakitoa wapi mimi? Hebu ondoka hapo, jiko linaungua."

Hakuna kilichokuwa kinaungua.

Baada ya miezi mingi ya kwenda na kurudi, Indu akaamua kuja mwenyewe kuangalia wanavyoishi. Mwanakhamis alifurahi mno. Aje aone godoro! Aje aone mtoto anavyofanya kazi za shule juu ya gunia la mchele! Asubuhi ya siku yenyewe hakukunja kitu. Aliacha godoro katikati ya sebule, shuka limekunjamana, akashuka dukani kununua maziwa ya chai ya mgeni.

Dakika ishirini hazikufika. Aliporudi, godoro limesimamishwa nyuma ya kabati la mumewe Asmahan. Sebule inanukia udi. Masufuria yametupwa kwenye bafu na pazia limefungwa. Kitanda kimoja cha wale wavulana kimetandikwa shuka la maua, na juu ya mto amekalishwa mwanasesere wa Salha, mikono mapajani kama bibi harusi.

"Mgeni anakuja, nyumba inanuka kama zizi," alisema Asmahan. "Huna haya?"

Indu aliingia, akala sambusa mbili, akasifu. Asmahan akamweka Salha mbele yake, mkono begani, kucha zikigusa shingo.

"Mfasirie, mwanangu. Mwambie hapa ni kwenu. Mwambie huyu mama yako ni damu yangu, hatoki hapa mpaka nife. Mwambie wewe unalala kitanda kile."

Salha alimtazama mama yake. Kisha akafasiri.

"No! Chini! Tunalala chini!" Mwanakhamis alipiga sakafu kwa kiganja. Asmahan akacheka, akamshika mgongo akampapasa kama mgonjwa, akamwambia Indu kwa Kiingereza cha kuvunjavunja kwamba masikini wifi yake tangu talaka kichwa hakijatulia.

Wiki tatu baadaye ikaja barua: ana pa kukaa panapofaa, jina lake linabaki mkiani mwa orodha.

Aliipeleka barua hiyo darasani, alikokuwa akijifunza Kiingereza Jumanne na rafiki yake Gisèle, mama wa Bukavu aliyekuwa na nyumba yake Castle Vale. Gisèle hakumwonea huruma. Aliguna.

"Weye unafikiri ule mama anakupenda? Anapenda mikono yako, dada. Siku mikono yako itakufa, nayo mulango utafunguka. Minakuambia."

"Mikono haifi kwa kuombwa, Gisèle."

"Basi iue, ma chère."

Jumatatu iliyofuata Mwanakhamis aliteleza kwenye ngazi. Ndivyo alivyosema. Lifti ilikuwa mbovu, ngazi zilikuwa na maji, na alirejea kutoka hospitali mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa cheupe, umening'inia shingoni. Kitambaa alikinunua duka la dawa. Hospitali aliipita akiwa ndani ya basi.

"Wiki sita nisiinue kitu," alisema.

Siku ya kwanza Asmahan alisema pole. Siku ya pili aliuliza kama mkono wa kushoto nao umevunjika. Siku ya tatu aliuliza hata kukoroga tu, jamani, kukoroga kunataka mikono mingapi? Jumamosi kulikuwa na harusi ya watu mia mbili, na sambusa hazijikunji.

"Sawa," alisema Asmahan. "Binti yako ana mikono."

Hilo Mwanakhamis hakulipigia hesabu. Alidhani wifi yake atahangaika mwenyewe siku tatu, achoke, amtoe. Asmahan kuhangaika! Salha akirudi shule anawekewa ndoo ya vitunguu. Akimaliza vitunguu, masufuria, yale makubwa ambayo mtoto anayasugua kichwa chake kimezama ndani. Dawa ya kusafishia ilimtafuna vidole mpaka vikapasuka. Akizembea alifinywa sikio, akilia aliambiwa, "Mlilie mama yako kilema huyo, mimi sikukuzaa."

Na mama yake kilema alikuwa amekaa kwenye sofa, mkono mzima ndani ya kitambaa, anaangalia. Siku ya tano Salha alimwonyesha vidole. Alivinyoosha tu. Mwanakhamis alihisi mkono unataka kutoka wenyewe. Akaubana kifuani. Akifungua leo, alijiambia, atasugua masufuria haya mpaka afe, na Salha naye atayarithi.

"Vumilia kidogo, mwanangu," alisema. "Mkono ukipona nitaosha mimi."

Mtoto akarudi jikoni.

Siku ya kumi Asmahan alimtupia bahasha mapajani. Ndani mlikuwa na ukurasa mzima, wino wa buluu, mwandiko uliolala vizuri upande mmoja, tarehe juu, sahihi chini. Salha aliusoma akifasiri: hana nafasi, mama na mtoto wanalala chini sebuleni tangu mwaka 2001, kitanda hawakuwahi kupewa, mama hana faida yoyote, na mtoto ni kero, watoke kabla ya Ijumaa adhuhuri.

Mwanakhamis alimtazama wifi yake. Miaka miwili na nusu hajui Kiingereza cha barua!

"Si ndiyo uliyokuwa ukiilia?" alisema Asmahan. "Haya, nenda nayo. Siwezi kulisha midomo miwili isiyo na kazi. Ukiulizwa na watu, useme umeondoka mwenyewe."

Indu, akikumbuka sambusa na kitanda cha maua, hakuamini. Akampigia Asmahan simu pale pale. Sauti ilisikika mpaka upande wa pili wa meza, Kiingereza kimenyooka kama cha mwalimu mkuu, haraka, bila kukwama hata neno moja: ndiyo, kaandika yeye, hapana, hatabadilisha nia, ndiyo, Ijumaa. Indu aliweka simu chini, akavua miwani, akaifuta, akatoa faili.

Ijumaa walipewa chumba katika hosteli ya wasio na makazi, kungojea nyumba. Asmahan alisimama mlangoni kuhakikisha hawachukui sufuria yake. Lifti bado mbovu. Masanduku yalikuwa mawili, mazito, na Salha akaanza kuliburura la kwanza kwa vile vidole vyake.

Mwanakhamis alifungua fundo shingoni. Akakunja kitambaa mara nne, akamwekea wifi yake mkononi. Kisha akainama, akanyanyua masanduku yote mawili, moja huku, moja huku.

"Khe! Mkono huo!" alisema Asmahan.

"Umepona, wifi. Ulikuwa ukingojea barua."

Akacheka. Alikuwa amekingoja kicheko hicho siku kumi na mbili, akakicheka chote, ghorofa nzima wakasikia. Utamu huo! Mwanakhamis aligeuka ampe mtoto wake naye sehemu yake.

Salha alikuwa amesimama ngazi ya tatu. Hakumwangalia shangazi yake. Aliangalia ule mkono wa kulia ulivyobeba sanduku, vidole vimekamata barabara, ngozi laini ya siku kumi na mbili bila maji. Halafu akauliza, kwa Kiswahili, ambacho, ukitoa kufasiri, hakuwa akimsemesha nacho mama yake tangu ana miaka saba:

"Ulikuwa mzima?"

"Mwanangu, ilikuwa lazima..."

Mtoto alishageuka, anashuka.

Nyumba waliipata baada ya miezi minane, Ladywood, ghorofa ya kumi na moja, vyumba viwili, ufunguo wao wenyewe. Mwanakhamis hupika cha watu wawili na huosha vyombo vyote yeye. Vyote isipokuwa sahani moja, bilauri moja na kijiko kimoja. Hivyo Salha huviosha mwenyewe akishakula, huvifuta, na huvipeleka chumbani kwake.