Ncoolo Niliyoibeba Mwenyewe

Mimi ni mtu wa kanisa na sitafuni miraa. Naanza na hilo mapema ili msije mkanifikiria vibaya, maana kisa chenyewe ni cha majani.

Siku ya kwenda kumposea mwanangu tulitoka Ishiara asubuhi, gari la kukodi limejaa mashemeji, mashangazi, soda na maombi. Msichana ni Mmeru, kwao ni juu ya Makutano, kwenye migomba na majani chai. Mume wangu alifariki kijana wetu akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo watu hawakuchoka kuniuliza: siku ya kuoa ikifika, nani atasimama aseme yeye ndiye mwenye kijana? Miaka hiyo yote nikaomba, Mungu, nipe mtu wa kusimama mbele yetu. Nilidhani amenipa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mtu wa sauti nzito na koti zuri.

Kijana alikuwa amemwambia huyo baba yake mdogo kwamba kwa Wameru hakuna mazungumzo bila ncoolo. Hilo ni fungu la miraa teule, limefungwa kwa jani la mgomba kwa mtindo wake, na hupelekwa na upande wa mwanamume. Wazee wa msichana wakiipokea, mtazungumza. Wasipoipokea, mtakunywa chai na kurudi kwenu. Shemeji akasema, "Niachieni hiyo." Kumbe mwenzetu analima muguka, majani yanayotafunwa kama miraa, kama watu wengi wa kwetu Mbeere, na akawaza moyoni: miraa, muguka, si ni jamaa moja? Kwa nini anunue vya watu na vyake viko shambani?

Basi tukakaribishwa chini ya hema, tukaomba, tukajuana, mukimo na nyama vikinukia jikoni. Babu yake msichana, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu na fimbo, akainama mbele akauliza tumewaletea nini ili watusikie. Shemeji akasimama kwa madaha, akamkabidhi mfuko wa karatasi uliojaa muguka aliouchuma kwa mikono yake. Mzee akafungua, akachungulia, akanusa. Akaufunga tena polepole na kuuweka chini, kando ya kiti.

"Haya ni ya mbuzi?"

Woi! Watu wa upande ule wakacheka kwa pua. Shemeji akafura shingo.

"Mzee, hayo majani yamesomesha watoto kwetu."

"Basi yarudisheni yakasomeshe wengine."

Akatugeuzia bega, na wazee wenzake wote wakafanya vivyo hivyo. Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja leso na kuikunjua. Kule mlangoni pazia likatikisika, nikajua msichana amesimama nyuma yake na analia.

"Inukeni twende," shemeji akasema, eti ananong'ona. "Hatuwezi kudharauliwa hivi."

Mashemeji wengine wakaanza kutafuta kofia zao. Mimi nawajua wanaume wetu. Tukiingia kwenye lile gari hatutarudi tena katika boma lile, na mwanangu angekaa na aibu hiyo maisha yake yote, ati mamake hakuwa na mtu wa kumposea. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Wakristo wazima, tumefungua kwa sala, tunagombania majani!

"Shemeji, keti," nikasema. "Ukienda kwa hilo gari, utaenda peke yako."

Alinikodolea macho. Nikasimama nikapitia jikoni kama anayetafuta choo. Mamake msichana akanishika mkono, macho mekundu kwa moshi au kwa mengine.

"Dada, mimi siwezi kuwatetea, mimi ni wa upande huu. Lakini pale Makutano, karibu na steji, kuna mzee wa miraa anajua kuifunga. Kimbia. Nitawashikia watu kwa chai."

Nikapanda bodaboda, kitambaa cha kanisa kichwani, nikagombana na Mungu njia nzima kwa sauti. "Nilikuomba mtu! Mtu mmoja tu! Ona sasa!" Dereva akaniangalia kwenye kioo.

"Mama, uko sawa?"

"Wewe endesha!"

Mzee wa miraa alinipima kuanzia kitambaa hadi viatu. "Mama, leo shetani ameshinda?"

"Leo mwanangu anaposa. Nifungie ncoolo, na uifunge vizuri."

Hapo aliacha mzaha. Alichagua kijiti baada ya kijiti, akatupa vilivyokunjika, akafunga kwa jani na kamba ya mgomba. Kisha akauliza nani ataipeleka mbele ya wazee, kwa sababu mwanamke haipeleki. Nikamwambia usijali, nina shemeji.

Nina shemeji! Niliporudi, shemeji alikuwa ameshaingia garini, mlango amefunga, uso ameugeuzia ua. Nikagonga kioo nikamwonyesha fungu. Akatikisa kichwa. Nikawatazama wale wengine, nao wakatazama viatu vyao. Haki ya Mungu, maji yalikuwa yamezidi unga. Mwanangu akainuka kunipokea, lakini anayeoa hajiposei.

Nikaingia chini ya hema nimeipakata kwa mikono miwili, kama mtoto wa kubatizwa. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akaguna, "Mwanamke?" Nikasimama mbele ya babu.

"Mwenye kijana yuko wapi?" akauliza.

"Alilala, mzee. Zamani."

"Huyo nimeambiwa, na pole. Mimi nauliza mwenye kijana. Nani amemlea?"

"Ni mimi."

"Akiwa mgonjwa, nani alikesha?"

"Ni mimi."

"Na hii, nani ameitafuta?"

"Ni mimi, mzee," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote, hata sikuyapangusa.

Mzee akalaza fimbo chini, akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi imetoka kwa mwenyewe," akasema, na akaipokea.

Vigelegele vya jikoni vilikaribia kung'oa hema. Mzee akachomoa kijiti kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Hakuwa na jino hata moja! Alianza kucheka yeye, fizi tupu, ndipo tukacheka sote, mwanangu akicheka na kulia pamoja. Shemeji alitoka garini nyama ilipoanza kupakuliwa, na babu akamwita aketi karibu naye, akamwambia ule mfuko wa muguka asirudi nao, mbuzi wapo.

Nilirudi Ishiara nguo zikinuka miraa. Jumapili, wakati wa shuhuda, nikasimama.

"Miaka yote nilimwomba Mungu anipe mtu wa kusimama mbele yetu," nikasema. "Siku ile hakunipa. Bwana asifiwe."

Nikaketi. Mchungaji alingoja niendelee, lakini nilikuwa nimemaliza.