Mkurugenzi wa Ngozi

Kaka yangu alichuna ngozi machinjioni kwa miaka ishirini na sita, na mtaani kwetu hakuna aliyejua. Kila asubuhi alitoka na shati lililopigwa pasi na mkoba mweusi wa kiofisi, kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa kwenye kikao. Ndani ya mkoba mlikuwa na visu viwili, kinoo na aproni ya plastiki. Machinjioni walimwita Mkurugenzi kwa utani. Mtaani nao walimwita hivyo hivyo, ila wao walimaanisha.

Ukimuuliza kazi yake alijibu, "Nafanya biashara ya ngozi." Si uongo kabisa, wala si ukweli. Nilimwambia mara ngapi kwamba kazi ni kazi? Lakini mtu huyo ana kichwa kigumu tangu tukiwa wadogo. Na kazi yenyewe aliiweza kwelikweli. Ngozi ya mbuzi ilitoka mkononi mwake bila tundu hata moja, huku yeye akipiga soga na jirani yake.

Binti yake hakuwa na aibu hiyo. Likizo zote alishinda kule, kwenye meza ya mkaguzi wa nyama, amevaa buti za mpira zinazompwaya, akijifunza kupasua ini kutafuta minyoo. Wachinjaji walimwita Daktari. Alipomaliza sekondari na alama nzuri, mkaguzi akamletea fomu ya ufadhili wa masomo ya udaktari wa mifugo. Nafasi zilikuwa nne tu, zimetengwa kwa vijana wa familia ambazo ni nadra kuonekana kwenye digrii hizo, watoto wa vibarua hasa.

"Hii ni kama wamekuandikia wewe," akamwambia.

Bila ufadhili ule, chuo angekisikia redioni tu. Akajaza fomu kwa mwandiko wake mzuri, akaambatanisha barua ya kujieleza, akaifunga bahasha ya barua na kumwachia baba yake fomu atie sahihi. Kwenye mstari wa kazi ya baba alikuwa ameandika: Mchuna ngozi, machinjioni.

Mimi nina duka la fotokopi na vifaa vya ofisi. Kaka akaja mchana.

"Dada, una ule wino mweupe wa kufutia?"

"Umekosea nini?"

"Si mimi. Mtoto kakosea."

Nikaitazama fomu. "Hajakosea. Hiyo ndiyo kazi yako."

"Hebu fikiria. Daktari anaponya, mimi nashinda kwenye damu. Nani atampa udaktari mtoto wangu? Watamcheka."

"Soma hapo juu wanamtaka nani."

"Hayo wanaandika tu. Wakikaa mezani wanaangalia mtu."

Ningemnyang'anya ile fomu. Lakini wateja walikuwa wamepanga foleni, na mimi ulimi wangu ni mkali kwa watu wote isipokuwa kaka yangu. Kwake huwa naishia kununa. Nikampa kichupa. Akapaka, akapuliza, akaandika kwa herufi kubwa: MFANYABIASHARA. Akatia sahihi na kuituma pamoja na ile bahasha ya barua siku ile ile, binti asiione tena.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Ombi limekataliwa kwa sababu ya maelezo yasiyo ya kweli, na mwombaji haruhusiwi kuomba tena. Binti aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kufua. Hakumuuliza mtu kitu.

Nilimwambia kaka waziwazi kwamba mficha uchi hazai. Nilijua nitamuumiza, na nilitaka aumie. Akasema twende kwenye ofisi ya ufadhili.

Tulipokewa na mratibu, mama mpole mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Kaka alikuwa amefunga tai. Mama akafungua faili, akatuonyesha fomu na ile alama nyeupe, kisha akasoma barua ya binti: "Baba yangu ni mchuna ngozi. Yeye ndiye aliyenionyesha mnyama alivyo ndani kabla sijafungua kitabu chochote. Siku nikiwa daktari, nitaanzia kazi pale pale alipo yeye."

Kaka alikuwa hajaisikia barua hiyo. Alishika ukingo wa meza.

"Fomu inasema hivi, barua inasema vile," mama akasema. "Tulimpigia simu tukamuuliza nani amefuta. Kama angesema ni mtu mwingine, tungempa nafasi ajaze upya. Alisema ni yeye."

"Ni mimi," kaka akasema. "Mimi ndiye ninayechuna, na mimi ndiye niliyefuta. Mtoto hajui lolote."

"Ni kweli," nikadakia. "Wino nilimpa mimi."

"Na wewe ni nani?"

"Shangazi yake."

Mama alimtazama kaka, akalitazama shati, akaitazama tai. Hakuwa na dharau hata kidogo.

"Mzee wangu, kila mwaka wazazi huja hapa kujitwika makosa ya watoto wao. Mimi pia ni mzazi, naelewa. Lakini nafasi zimeshajaa."

Kaka akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza ili aione. Ilikuwa safi. Alikuwa ameisugua asubuhi nzima, na makovu yaliyobaki hata mpishi huwa nayo.