Chakula Kilipita, Mimi Sikupita

Siku ile tangu asubuhi nilichambua ungo uleule wa mchele, nikimaliza naanza upya. Mchele wa Ubaruku, uliokobolewa vizuri, hauna hata kijiwe kimoja. Lakini mikono ilikataa kukaa bure. Mjukuu wangu alikuwa darasani, na nyuma ya darasa alikaa msimamizi wake kutoka chuoni Iringa. Ikimwendea vibaya safari hii tena, mwaka mzima wa ualimu anaurudia.

Huyu binti ni mtoto wa kitindamimba wangu. Anasomea ualimu huko Iringa nilikozaliwa mimi, akaja kwangu hapa Mbalizi kwa mazoezi ya kufundisha baiolojia. Msimamizi alipokuja mara ya kwanza, somo lilikuwa sehemu za seli. Binti aliwaambia wanafunzi kwamba seli ni kama kiwanda cha magari: kuna geti, kuna ofisi ya meneja, kuna mitambo ya umeme. Aliyatoa kwenye simu. Watoto wakamtazama tu. Alipoyaona macho yale akaogopa, akaanza kusoma kitabu kwa Kiingereza mpaka kengele ikalia. Msimamizi akamwambia atarudi, na kwamba atataka kusikia somo lilelile.

Jioni binti alijilaza na viatu vyake. Nikampelekea chai.

"Bibi, mimi mwenyewe kiwanda cha magari sijawahi kukiona."

"Sasa ukawapeleka huko kufanya nini?"

Mimi niliishia darasa la nne. Ila kukumbuka, nakumbuka. Niliosoma nao, niliochota nao maji, hata mbuzi wa baba yangu, majina yao ninayo yote, ingawa humu siyaandiki. Nikamwambia anitajie hivyo vitu vya ndani ya seli, nivishike kama ninavyoshika watu. Vakuoli haikunisumbua, hilo ni pipa la maji. Mitokondria, akasema, ndimo chakula kinamogeuzwa kuwa nguvu. Nikasema basi ni jiko, maana mahindi yakiwa ghalani hayamwinui mtu. Akasema nimepatia, ila seli moja inazo nyingi.

"Basi huo ni mji wa wake wengi. Kila mke na jiko lake."

Hapo ndipo alipocheka. "Mke mwenzangu, wewe ungeweza kukaa kwenye mji kama huo?"

"Si nakaa na wewe hapa?"

Utando unaoizunguka seli ndio uliotushinda. Nilisema mlango, akakataa. Nikasema chujio, akakataa. Chujio linaangalia ukubwa tu, alisema, lakini utando unachagua, na vingine haviingii mpaka vipokelewe na kubebwa. Nikainuka, nikazunguka chumba, nikakaa, nikainuka tena. Kuna jambo lilikuwa limenijia na sikutaka kulisema.

Mimi ni Mhehe niliyeolewa kwa Wanyakyusa, kule Rungwe. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini huko nilikuta mke wa mtoto haonani kabisa na baba mkwe wake. Akikohoa ndani, ujue anatoka, unaingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Jina lake hulitaji. Nimetaja majina mengi katika maisha yangu, na hilo moja halijapita mdomoni mwangu hadi leo. Nilimpikia kila siku, lakini mlangoni kwake sikufika. Mama mkwe alikuja kwenye kizingiti cha jiko, akapokea sahani, akaingiza. Maagizo nayo yalitoka kwa njia hiyohiyo, kwamba leo tupalilie kahawa, kwamba ndama asifunguliwe. Yeye mwenyewe hatukumwona. Chakula kilipita, mimi sikupita.

Nilipomaliza, binti alikuwa ameweka kikombe chini.

"Bibi, huyo ndiye kiini, kinachoiagiza seli yote. Na mama mkwe wako ndiye anayebeba."

Basi ndiyo sababu ya kuhangaika siku ile na ungo wangu. Niliogopa atafeli, na niliogopa atafaulu kwa kuanika mambo ya ukweni mbele ya watoto wa watu. Je, kama msimamizi ni Mnyakyusa akakasirika? Nilitoka hadi barabarani, nikasikia kengele ya shule, nikarudi. Nikabandika chai, nikaisahau mpaka ikakauka, sufuria likaungua.

Alirudi mchana, anatembea polepole. Akajitupa kwenye mkeka.

"Nimepita, Bibi."

Watoto walicheka, alisema, tena sana, na mmoja alijificha chini ya dawati kuonyesha nilivyokuwa nikijificha migombani. Ila kila alichowauliza walijibu. Halafu msichana mmoja akanyoosha mkono: baba mkwe akifa, nyumba inakuwaje? Msimamizi akaacha kuandika.

"Nikawaambia inaendelea kwa muda, halafu inasimama. Seli ikitolewa kiini ndivyo inavyokuwa. Lakini ya nyumba nilibahatisha tu. Ni kweli, Bibi?"

Uso wa mkwe wangu nilikuja kuuona akiwa kwenye jeneza, nao ulikuwa mdogo kuliko nilivyowaza. Baada ya mazishi niliendelea kumpakulia. Hakuna aliyeniambia niache. Mama mkwe alikuja kizingitini kama kawaida, akapokea sahani, akaingia nayo. Kahawa tukapalilia kama alivyokuwa ameagiza. Kisha ikafika asubuhi hakuna aliyejua tushike kazi ipi, tukakaa uani tukitazamana. Mama mkwe hakuja tena kuchukua sahani. Wanawe wakaanza kuondoka, huyu Mbeya mjini, yule Iringa, sisi tukashukia huku. Pale sasa pamebaki migomba.

"Ni kweli," nikamwambia.

Nikavuta ungo.

"Bibi, huo mchele si mweupe tayari?"

"Acha niuangalie tena."

Akasogea, akaanza kuchambua na mimi.