Mnyalukolo Wangu Alilipwa kwa Kunipandishia Riba

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Kalenga, Iringa, nikapangiwa kazi Mbeya nikiwa kijana, nikadhani nitakaa miaka miwili. Nikaoa huku, nikajenga huku, wazazi wangu wakafa nikiwa huku. Siku hizi Kalenga naenda kwa misiba tu. Basi likifika Ipogolo, nikauona mji kule juu ya mlima, huwa nanyamaza. Mke wangu ni Mnyakyusa, lakini ameshajifunza kutonisemesha mpaka tuteremke.

Nawaeleza hayo ili mjue nilinaswa kwa chambo gani.

Mwaka juzi tulitaka kununua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tubebe viazi kutoka mashambani kupeleka sokoni. Fedha haikutosha, ikabidi tukope. Kwenye yadi ya magari nikamkuta mtu ninayemfahamu vizuri. Tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu anaongoza chama chetu cha kuzikana cha watu wa Iringa tuishio Mbeya. Mwenzetu akifa, chama kinakodi gari na kumrudisha kwao. Nimekichangia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwa sababu moja tu: sitaki kuzikwa ugenini.

"Kamwene, mnyalukolo!" akanipokea. Ndiyo salamu yetu, na mnyalukolo ni ndugu wa kwetu. "Wewe wa kuhangaika na mabenki? Nitakupeleka kwa watu wangu, wakupe riba ya kindugu."

Sikuuliza riba ya kindugu ni kiasi gani. Sisi tulioishi mbali na kwetu tuna ugonjwa huo: mtu akitusalimia kwa lugha ya mama, tunaona aibu kumhoji, kama vile kuhesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mkwe. Nikasaini pale aliponionyesha kwa kidole. Jumapili iliyofuata nikampelekea jogoo na dumu la ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, kumshukuru kwa kuniibia.

Miezi mitatu iliyopita nilikwenda kwa hao wakopeshaji kuomba taarifa ya mkopo wangu. Binti wa dirishani alikuwa mstaarabu, akanichapia kurasa zote. Nikaona mstari umeandikwa "kamisheni ya wakala".

"Mwanangu, wakala ni nani?"

"Si yule baba aliyekuleta? Riba yenyewe aliipanga yeye, mzee. Sisi tuna kiwango cha chini, wakala akipandisha, ile ya juu tunagawana." Kisha akaniona uso. "Kwani hakukwambia?"

Hakuniambia. Wala mkataba haukuniambia, na nimeusoma mara tatu kwa miwani mipya. Nikaenda nyumbani, nikaandika barua ya malalamiko kurasa mbili, nikadai ile ziada irudi, na wakopaji wengine waelezwe.

Meneja akaniita. Ni kijana aliyevaa suti inayombana, anayeongea na wazee kana kwamba wote ni viziwi. "MZEE WANGU, kila biashara ina siri zake. Sisi tutakupunguzia riba, ila utusainie hapa." Nikasoma. Karatasi ilisema kwamba nafuta malalamiko, na kwamba siku ya mkopo nilielezwa habari za kamisheni nikaridhika.

"Hapa panasema nilielezwa."

"Ni utaratibu tu, mzee."

"Utaratibu wa nini? Wa kuniibia, au wa kunifanya shahidi wenu?" Nikaiacha mezani. Nimefundisha watoto wengi wasiojua kitu, na sikuwadharau hata mmoja. Huyu nilimdharau, maana anajua.

Jumamosi Mwenyekiti akaja nyumbani. Hata kiti hakijapata joto, akaanza.

"Umenishitaki kwa watu baki, mnyalukolo?"

"Uliniuza kwa watu baki, Mwenyekiti."

"Nilikutafutia mkopo! Mafuta ya pikipiki yangu alilipa nani? Ulitaka nikuhudumie kwa salamu?"

"Ungesema. Ningekulipa mkononi, tena nikakuaga vizuri."

Akacheka. Mtu mzima, anayeongoza sala kwenye makaburi ya watu, akacheka. Kisha akasema polepole, mke wangu akisikia: "Chama ni cha watu wanaostiriana. Kikao ni Jumapili ijayo. Kama barua yako bado ipo, jina lako halitakuwepo. Utajizika mwenyewe."

Alipotoka, nikamwambia mke wangu kwamba mtu huyo ni wa kutemewa mate. Akanikatiza. "Baba Neema, mate yako hayana mafuta ya kufika Kalenga. Saini. Ukifa mimi nitakubeba mgongoni?"

Nikasema wanachama wengine watanitetea. Nikawapigia wawili. Mmoja akasema, "Mwalimu, hata mimi alinipeleka kulekule, lakini mama yangu ni mgonjwa, siwezi kugombana naye sasa." Wa pili hakupokea simu. Ndipo nikaelewa kwamba mtu huyu anafanya biashara kwa maiti zetu ambazo hazijafa, na kila mmoja wetu amelifunga domo lake mwenyewe.

Kikao ni keshokutwa. Karatasi ya meneja imeletwa hadi nyumbani, iko juu ya kabati, na kalamu mke wangu ameiweka pembeni yake. Nikisaini, nitapunguziwa riba na siku moja nitalala karibu na mama yangu, ila nitakuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba nilikubali kuibiwa, na wakopaji wanaokuja wataonyeshwa saini ya mwalimu. Nisiposaini, nitazikwa hapa, na watakaonibeba sijui ni akina nani.

Ninyi mnaosoma, wenye wazee wenu, semeni mngetaka baba yenu afanye lipi. Ila msiniambie nisamehe. Hakuna aliyeniomba msamaha. Nimeombwa niseme uongo.