Chujio Lililoona Haya Kukataa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoisimamisha kazi ya chumba kizima kwa ukarimu tu.

Nilikuwa msichana wa Mtongwe, mwanafunzi katika kikundi kidogo pale Kisauni kilichofanya kazi na wanasayansi wa ng'ambo. Wao wana mtambo mkubwa chini ya ardhi. Humo chembe ndogo mno hugonganishwa kwa kasi, na kifaa kinachozizunguka hunasa alama za kila mgongano. Migongano hiyo ni mingi kuliko matone ya masika, na ghala la kuihifadhi yote halipo duniani. Ndipo huhitajika programu ya kuchuja: huu wa nadra tunaoutafuta uwekwe, huu wa kawaida utupwe, upesi kabla ya kupepesa jicho. Kuiandika niliachiwa mimi. Tulipewa migongano ya kubuni ya kujaribia, na tusipofaulu kufikia Ijumaa, kazi ingepewa kikundi kingine.

Sasa mimi nimelelewa nyumba isiyofukuza mgeni. Arusini kwetu, hata asiyealikwa hupakuliwa pilau. Chujio langu nikaliandika vivyo hivyo: ukiwa na shaka, karibisha. Nami nilikuwa na shaka na kila kitu.

Siku ya kulijaribu, hata adhuhuri haijafika, hifadhi ikajaa pomoni, kazi za wenzangu zikagoma. Bi Zuhura, mkuu wetu, mtu mzima asiyepaza sauti hata akikasirika, akaniita.

"Mwanasha!"

"Abee, Mwalimu."

"Tangu asubuhi umetupa nini?"

"Bado, Mwalimu. Naona haya."

"Haya? Kwani hizo chembe zina mama zao watakaokuja kuteta nasi mlangoni?"

Wenzangu wakacheka hadi wakashika mbavu. Nikanuna, nikakaza masharti, na kesho yake chujio likatupa kila kitu.

"Jana mlango wazi, leo umejenga ukuta," akasema Bi Zuhura. "Utajuaje kama uliyoitupa ilikuwa takataka?"

Akavuta kiti, tukaweka masharti ya kiasi. Kisha akaongeza moja: mara kwa mara, mgongano mmoja kati ya iliyokataliwa uhifadhiwe kwa kubahatisha tu, tuukague. Kukagua, lo! Tukakuta tunatupa ile ile tuliyotumwa kuitafuta. Tukalegeza kidogo, tukajaribu tena. Ijumaa jibu likaja: chujio limekubaliwa. Bi Zuhura akanitazama, akasema, "Haya, sasa waweza kumkaribisha mtu. Mimi, kwa chai."

Mwanangu, mtaka yote hukosa yote, na mchagua nazi hupata koroma. Ukipokea kila unaloambiwa, lenye maana litakosa pa kukaa. Kwa hiyo chagua wala usione haya. Lakini usijiamini kupita kiasi: mara moja moja rudi uyatazame uliyoyakataa, yawe maneno, kazi au hata watu.

Mola akujaalie jicho kali, moyo wa kujaribu tena, na mtu wa kukukemea huku akikuchekesha. Amina.