Ubao Mpya wa Kompyuta ya Masikio

Ofisini walimwita Masikio, naye hakuwahi kuchukia. Lakabu ni nafuu kuliko kuitwa "yule kipofu", alisema, na waliompa hawakukosea. Alipofuka akiwa na miaka thelathini na mmoja, kwa ugonjwa ulioanza kama ukungu kwenye jicho la kulia, na tangu hapo masikio ndiyo yaliyomlisha yeye na nyumba yake. Kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao vya baraza la mji. Madiwani walizungumza, wakakatizana, wakapiga meza. Kinasa sauti kikameza yote. Halafu Masikio akayasikiliza na kuyaandika, neno kwa neno, vikohozi tu ndivyo alivyoviacha. Alifanya hivyo miaka kumi na miwili. Alikuwa akimtambua diwani kwa namna anavyovuta pumzi, kabla hajafungua mdomo.

Aliandika kwa kompyuta inayosema. Haikuwa ya ofisi, ilikuwa yake. Alipewa na shirika lililowasaidia wasioona kurudi kazini. Ndani mlikuwa na programu iliyosoma kwa sauti kila kilichotokea kwenye kioo. Tatizo ni kwamba sauti ile ilitengenezwa na watu wasiojua Kiswahili, na siku za mwanzo ilisoma "ng'ombe" kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Masikio akaifundisha. Programu ilikuwa na daftari lake la matamshi: unaandika neno lilivyo, kisha pembeni unaliandika upogoupogo, kama linavyotamkwa, unalisikiliza, unalirekebisha, mpaka litoke sawa. Alifanya hivyo kwa majina ya mitaa, ya madiwani, ya magonjwa, ya miti. Maneno elfu nne na ushei. Ilikuwa sauti ya kike, kavu, isiyocheka, akaibandika jina la Shangazi.

"Mke mwenzangu ana bahati," mkewe alizoea kusema. "Yeye akisema, anasikilizwa."

Jumanne moja asubuhi umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Masikio alisikia mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika, kisha harufu ya plastiki ikampanda puani. Shangazi alikuwa katikati ya sentensi. Hakuimalizia.

Fundi kompyuta alikuwa na kibanda nyuma ya stendi ya teksi, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Alifungua, akapuliza vumbi, akanusa.

"Madabodi imekwenda, mzee. Ule ubao mkubwa ambao vitu vyote vimepachikwa juu yake. Lakini diski ni nzima. Kazi zako zote zimo."

Masikio alishusha pumzi. Fundi akapata ubao mwingine kutoka kwenye mashine iliyokufa kwa sababu nyingine, akaufunga, na Alhamisi akaiwasha mbele ya mwenyewe. Feni ilizunguka. Masikio alisubiri, kichwa amekiinamisha upande.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Mbona haisemi?"

Fundi aliinamia kioo. "Kuna maandishi hapa. Mfumo unataka uamilishwe upya. Huu mfumo unaoendesha kompyuta nzima ulisajiliwa pamoja na ule ubao wa zamani. Sasa umeamka umejikuta kwenye mwili mwingine, unadhani umeibwa. Lazima wenyewe walioutengeneza wathibitishe kwamba ni halali yako."

"Na sauti?"

"Sauti inaufuata mfumo, mzee. Mfumo ukigoma, na yenyewe inagoma. Halafu usipouamilisha, kila baada ya saa moja mashine inajizima."

Kuamilisha kulikuwa kwa simu. Unapiga, sauti ya mashine inakuamuru ubonyeze tarakimu zilizoko kwenye kioo, makundi tisa ya tarakimu sita sita, halafu nayo inakupa za kwake uziingize. Tarakimu zilikuwa kwenye kioo, na aliyezoea kumsomea kioo ndiye huyo aliyezibwa mdomo. Kwa hiyo, nyumbani, mkewe alivuta kiti. Alisoma polepole, kidole kwenye kioo, Masikio akibonyeza simu. Kwenye kundi la saba alichanganya tatu na nane. Sauti ikasema namba si sahihi, anzeni tena. Walipofika kundi la nane mara ya pili, saa ikatimia na kompyuta ikajizima.

"Samahani," mkewe alisema.

"Si kosa lako. Washa."

Mara ya tatu walifika mwisho. Sauti ya mashine ikasema leseni hii haiwezi kuamilishwa, subiri mhudumu. Wakasubiri. Akaja kijana mwenye adabu.

"Baba, leseni hii ni ya shirika. Ni msimamizi wa shirika tu anayeweza kuomba ihamishwe."

"Shirika lilifungwa miaka sita iliyopita."

"Pole sana. Una anwani ya aliyekuwa msimamizi?"

"Alirudi kwao. Kwao ni wapi, sijui."

Masikio alisikia vidole vikigonga huko upande wa pili, harakaharaka, vidole vya mtu anayeona. "Toleo hilo hatulitoi tena," kijana alisema. "Unaweza kuchukua jipya."

"Jipya litaikubali programu yangu ya sauti?"

"Hapana, baba. Ile ni ya zamani mno. Na watengenezaji wake nao waliacha kuitengeneza."

Kijana akamshukuru kwa kupiga simu.

Ofisini, mkuu wa kitengo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, Masikio angekuwa na mtu wa kumchukia, na hiyo nayo ni ahueni. "Mzee wangu, hatuna kompyuta inayosema," alisema. "Nitaomba inunuliwe. Lakini unajua kamati ya manunuzi. Kinyonga ana mbio zaidi."

Vikao havikungoja kamati. Vilipofika vinne bila kuandikwa, akaletwa binti wa muda, mwepesi wa vidole. Masikio aliwekewa kiti kando yake ili amwelekeze. Alisikiliza rekodi pamoja naye. Binti alipoandika kwamba mjumbe wa soko ndiye aliyepinga, Masikio alisema hapana, huyo ni wa bandari kavu, wa soko anavuta pua kabla ya kusema. Binti akacheka, akarekebisha. Mara ya pili akarekebisha bila kucheka. Mara ya tatu akachomeka spika za masikioni, kwa heshima kabisa, na rekodi ikahamia kichwani mwake peke yake. Masikio alikaa pale hadi saa kumi, mikono magotini, akisikiliza mtu anavyobonyeza vitufe.

Alikaa hivyo wiki tatu. Nyumbani aliacha kuongea mezani. Mkewe alipomuuliza anawaza nini, alijibu, "Siwazi," na alikuwa mkweli.

Jumatatu ya wiki ya nne alimwomba mkewe ampeleke kwa fundi, pamoja na kompyuta.

"Hakuna njia nyingine kabisa?" alimuuliza.

Fundi alikohoa. "Kuna dawa, mzee. Programu ndogo. Inaudanganya mfumo uamini umeshaamilishwa."

"Ni halali?"

"Ingekuwa halali ningekuambia siku ya kwanza."

Masikio alikuwa ameandika kwa mikono yake sheria ndogo mia za mji ule, na hakuna hata moja aliyoivunja kwa kujua. Alitafuna mdomo.

"Itie," alisema.

"Sawa. Ila ngoja ninakili kwanza vilivyomo, dawa hizi zina vituko. Itachukua nusu siku. Rudini jioni."

"Nusu siku?"

"Ndiyo, mzee."

"Washa kwanza nimsikie," Masikio alisema. "Utanakili baadaye."

"Mzee, ni bora tu..."

"Nimesema washa."

Fundi akawasha. Akabonyeza hapa na pale, akatia dawa, akaizima, akaiwasha tena. Na katika kibanda kile, katikati ya honi za teksi, Shangazi akasema ni saa ngapi, kwa ukavu uleule, kama mtu aliyeamshwa usingizini na hajapendezwa. Masikio alishika ukingo wa meza. Akafungua faili la kikao cha mwisho, Shangazi akamsomea majina ya waliohudhuria, moja baada ya jingine, yote sawasawa. Mkewe aliona machozi yakimshuka na hakuyafuta, kwa sababu Masikio mwenyewe hakuonekana kujua kwamba yapo.

Ilidumu dakika ishirini na kitu. Kisha Shangazi akakatika. Fundi alisoma kioo, akasoma tena.

"Nini?" Masikio aliuliza.

"Programu ya sauti imejikagua. Imeona mfumo umechezewa. Imejifunga."

"Ifungue."

"Imejifuta, mzee. Kuna kabrasha lake hapa, ni tupu." Alibonyeza muda mrefu, akijaribu hiki na kile. "Lile daftari la matamshi lilikuwa humo?"

"Humohumo," Masikio alisema. Fundi aliendelea kuhangaika mpaka jua likageuka upande wa pili wa kibanda, na alipokubali kushindwa alisema alipaswa kukataa, alipaswa kunakili hata kwa kulazimisha. Masikio alimwambia asijisumbue, aliyesema washa alikuwa yeye.

Barua ya ofisi ilikuja mwisho wa mwezi. Mkewe aliisoma. Mkataba wake ulikuwa umefikia ukomo na kitengo kilikuwa kinapanga upya majukumu. Walimshukuru kwa utumishi uliotukuka. "Iko vizuri, haina kosa hata moja," alisema Masikio baada ya kumwomba airudie. Akaenda kulala mchana ule, na mchana uliofuata, na kwa miezi mingi hakukuwa na saa ya kumtofautishia mchana mmoja na mwingine.

Mwezi wa sita tangu barua ile, simu ikaja. Mkuu wa kitengo alimwomba apite, hakusema sababu. Alimpokea mwenyewe mlangoni, akamwongoza kwa kiwiko mpaka stoo, akamkalisha mbele ya kitu kinachonuka upya. "Kamati imepitisha," alisema. "Nilitaka wewe uwe wa kwanza."

Masikio alipapasa, akaweka vidole mahali pake. Sauti ilikuwa ya kiume, ya upole, na ilijua Kiswahili. Alijaribu majina ya mitaa. Alijaribu magonjwa. Alijaribu "ng'ombe". Iliyasema yote bila kufundishwa, na ilivuta pumzi mahali pa mkato kama mtu.

"Nani anaitumia?" aliuliza.

"Bado hayupo." Mkuu wa kitengo alisogeza kitu mezani, akakirudisha. "Nafasi ilishafungwa, mzee. Ombi la kompyuta na uamuzi wa nafasi vilipita kamati mbili tofauti. Nimejaribu."

"Najua umejaribu."

Alimalizia kusikiliza aya aliyokuwa ameianza, kisha akaizima mwenyewe, kwa utaratibu unaotakiwa. Nje, mkewe alikuwa akimsubiri kwenye ngazi.

"Inasema vizuri?"

"Vizuri sana," alisema.

Mkewe aliuchukua mkono wake, akauweka begani pake, wakasimama ukingoni mwa barabara wakingoja magari yapungue.